Jinsi ya Kupatana na Pampu Iliyogoma Kuwaka

Pampu ya petroli haigomi Novemba, mvua ikinyesha Makueni nzima na hakuna anayeihitaji. Hugoma Septemba. Nyanya zimeanza kutoa maua, Mto Kaiti ni mchanga mtupu kutoka ukingo huu hadi ule, na kile kisima ulichochimba katikati ya mchanga kimejaa maji. Unafungua petroli, unavuta kamba, injini inakohoa mara moja kisha kimya. Unavuta tena. Kimya. Unavuta kwa hasira, na kile kishikio cha kamba kinakubakia mkononi.

Mwongozo huu ni wako. Ni wa mkulima wa Thwake na Kaiti upande wa Makueni, wa Tiva, Nzeeu na Thua upande wa Kitui, na wa wale wa Kibwezi wanaovuta maji ya Athi yenyewe. Naamini kwa dhati kwamba injini nyingi zinazofungwa nyuma ya boda boda na kupelekwa mjini hazina ugonjwa mkubwa. Mwenye shamba angeweza kuziwasha palepale mtoni akiwa na spana ya plagi, msasa na saa moja ya utulivu. Pampu ikikaa siku tatu kwenye foleni ya fundi mjini Wote au Kalundu, sukuma wiki nayo inakaa siku tatu bila maji, na jua la Ukambani halina subira.

Anza na watu. Pampu iliyonyamaza huita umati haraka kuliko mkutano wa chifu. Mwenye boda boda atasema ni plagi. Jirani atasema ni koili, kwa kuwa yake mwaka jana ilikuwa koili. Kijana aliyetoka chuo cha ufundi atasema ni kabureta na ataanza kuifungua kabla hujamjibu. Mzee mmoja atakuuliza kwa nini hukununua ya sola. Wote wanaweza kuwa na haki, lakini hawawezi kuwa na haki kwa wakati mmoja. Wape kazi. Mmoja akalete spana ya plagi, mwingine akatafute kitambaa kikavu kisicho na mchanga, na yule mwenye sigara umkabidhi kazi iliyo mbali kabisa na hapo. Jerikeni ya petroli nayo iondolewe, ikae hatua kumi au zaidi upande ambao upepo hauleti mvuke wake kwako. Hilo la sigara na jerikeni usilifanyie mzaha hata kidogo.

Kisha acha kuvuta kamba. Kila unapovuta bila moto kushika, kabureta inamimina petroli nyingine ndani ya silinda, na choki ikiwa imefungwa inamimina maradufu. Baada ya muda plagi imelowa chepechepe, na hata kama hitilafu ya kwanza ilikuwa ndogo, sasa umeiongezea ya pili.

Sasa angalia swichi. Najua umeiangalia. Iangalie tena, maana watoto hupenda kuichezea ile nyekundu. Halafu jiulize swali ambalo mafundi wazuri huuliza kabla ya kugusa chombo chochote.

"Mwaitu, hii mashine uliiweka wapi jana ikiwaka?"

"Pale juu, chini ya mkuyu."

"Na leo?"

"Leo nimeisogeza hapa mtelemkoni, mwanangu, paipu isihangaike."

Jibu limeshapatikana, ingawa hakuna spana iliyoguswa. Injini nyingi za pampu tunazotumia ni Honda GX160 yenyewe, au nakala zake nyingi za Kichina, sentimita 163 za ujazo, na nyingi zina kifaa kidogo ndani ya sehemu ya oili kinachopima kina chake. Oili ikipungua, kifaa hicho kinaunganisha waya wa koili na bodi ya injini, umeme unapotelea kwenye chuma, na plagi haitoi moto. Ni mlinzi mwaminifu, kwa sababu injini ikizunguka bila oili hujifunga na kufa kabisa. Lakini mlinzi huyo hajui tofauti kati ya oili iliyopungua na injini iliyolala upande. Ukiiweka kwenye ukingo wa mto wenye mteremko, oili inakimbilia upande mmoja na yeye anakata moto. Unavuta kamba mpaka bega linakufa ganzi, na injini ni nzima kabisa.

Basi itoe mtelemkoni. Chimba kwa jembe mahali tambarare, au weka mawe mawili na ubao. Fungua kifuniko cha oili: injini ikiwa imesimama sawasawa, oili inatakiwa ifike kwenye mdomo wa tundu, karibu kumwagika. Inameza kama lita 0.6 tu, chini ya chupa moja ya soda kubwa. Jaza, vuta. Sehemu kubwa ya wasomaji wa mwongozo huu wanaweza kuishia hapa wakarudi kwenye nyanya zao.

Kwa waliobaki, injini inataka vitu vitatu: moto kwa wakati wake, petroli iliyochanganyika na hewa kwa kiasi, na mgandamizo ndani ya silinda. Kazi yako ni kujua kipi kimekosekana kabla ya kununua chochote. Plagi itakuambia. Ondoa kofia yake, ifungue kwa spana, iweke kiganjani na uitazame vizuri, huku ukimzuia kijana wa chuo asiichukue kuisugua kwanza, kwa sababu uchafu ule ndio ushahidi. Ikiwa kavu kabisa na haina harufu ya petroli, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli inafika na moto ndio unaokosekana au ni dhaifu. Ikiwa na masizi meusi makavu, injini imekuwa ikila petroli nyingi kuliko hewa, na mara nyingi kosa ni chujio la hewa lililojaa vumbi jekundu. Ikiwa na rangi ya udongo wa mfinyanzi, hudhurungi nyepesi, hiyo ni plagi ya injini yenye afya.

Kuipima plagi kuna namna yake, nami nasisitiza utaratibu huu kwa sababu nimeona watu wakiuchezea. Tundu la plagi likiwa wazi, kila unapovuta kamba linarusha ukungu wa petroli, na cheche ikitokea karibu na ukungu huo utakuwa na moto usioutaka. Kwanza funga bomba la petroli. Elekeza tundu upande usio na mtu, vuta kamba mara kadhaa mpaka silinda ikauke, kisha lizibe kwa kitambaa. Irudishe kofia kwenye plagi, gusisha chuma cha ubavu wa plagi na bodi ya injini mbali na tundu, uishike kwa koleo yenye mpira, na mwambie mtu mmoja avute. Tafuta kivuli, maana cheche haionekani kwenye jua la saa sita. Unataka kuona cheche ya samawati na kusikia inavyolia. Cheche ya njano, nyembamba, isiyo na sauti, haitoshi. Na usiishike kwa mkono mtupu ili uonyeshe ujasiri: koili inatoa zaidi ya volti elfu kumi, itakurusha kisimani.

Volti hizo zinatoka wapi na pampu haina betri? Hapa naomba nisimame kidogo, kwa kuwa ni jambo zuri na watu wengi hulipita. Ndani ya lile gurudumu zito linalozungushwa na kamba kuna sumaku. Kila mzunguko sumaku inapita mbele ya koili, na ile koili ina waya uliozungushwa mara nyingi sana. Michael Faraday alionyesha London mwaka 1831 kwamba sumaku inayopita karibu na waya huzalisha umeme ndani yake. Mwaka 1902 karakana ya Robert Bosch kule Stuttgart, kwa kazi ya mhandisi wake Gottlob Honold, ikaanza kuuza magneto ya volti za juu pamoja na plagi yake, na tangu hapo injini ndogo ikawa inabeba kiwanda chake cha umeme. Ndege ndogo za pistoni bado zinatumia magneto, na kila injini ina mbili, kila silinda ina plagi mbili. Kabla ya kuruka rubani huzima magneto moja akasikiliza, akairudisha, akazima ya pili akasikiliza, ili awe na hakika kwamba zote mbili ni nzima. Pampu yako inayo moja tu. Isikilize wewe mwenyewe.

Ikiwa plagi haitoi cheche, jaribu nyingine iliyo mpya, lakini iwe ya aina yake. Plagi ya pikipiki ya boda ni nyembamba zaidi, uzi wake hauingii kwenye pampu hii. Nyingine za magari huingia kwa uzi lakini urefu wake si sawa: ndefu mno itagonga pistoni, fupi mno itajificha kwenye tundu na kujaa kaboni. Ile ya GX160 huandikwa BPR6ES, na nafasi kati ya ncha zake ni milimita 0.7 hadi 0.8. Usiamini kwamba imetoka dukani ikiwa imepimwa, kwa sababu plagi husafiri mbali na huanguka.

Plagi mpya nayo ikiwa haina moto, shika kofia na waya wake mnene. Kofia hufungwa kwa kuizungusha kwenye ncha ya waya, na ncha hiyo huoza kwa unyevu wa mtoni mpaka shaba inakuwa kijani. Ifungue kwa kuizungusha kinyume, kata nusu sentimita ya waya, uizungushe tena mpaka ishike. Angalia pia kama panya hawakuupitia waya huo pampu ilipolala ghalani. Panya wa Ukambani hupenda mpira wa waya hata mahindi yakiwepo, na pale walipotafuna moto huruka kwenda kwenye bodi badala ya kufika kwenye plagi.

Sasa tunafika kwenye jaribio ambalo ningependa kila mwenye pampu kutoka Mwingi hadi Mtito Andei alijue, maana linaokoa bei ya koili nzima. Koili ina waya mwembamba mweusi unaokwenda kwenye swichi na kwenye kile kifaa cha oili. Kazi ya waya huo ni moja tu, kuzima. Ukigusa bodi, moto unakufa. Kwa hiyo swichi iliyoingia maji, au waya uliochubuka na kugusa chuma, unaifanya injini iwe kana kwamba imezimwa daima, na mtu anauziwa koili mpya ambayo nayo haitawasha kitu. Fungua kifuniko cha kamba na kile cha feni, mara nyingi kwa spana namba 10, uchomoe waya huo mweusi kwenye koili, upime tena plagi. Cheche ikitokea, koili yako ni nzima, na hitilafu iko kwenye swichi, waya au kifaa cha oili. Chomoa basi waya wa kifaa cha oili peke yake, urudishe ule mweusi, upime. Kwa njia hiyo utajua ni nani kati ya hao wawili. Kumbuka tu kwamba waya huo ukiwa umechomolewa swichi haiwezi kuzima injini. Ikishika moto, izime kwa kufunga choki au bomba la petroli. Wala usizoee kuiendesha injini bila kifaa cha oili. Kama kimeharibika, pima oili mwenyewe kila asubuhi mpaka upate kingine.

Cheche isipotokea hata waya ukiwa umechomolewa, kabla ya kuilaani koili itazame inavyokaa. Kati yake na gurudumu panatakiwa pawe na nafasi ndogo sana, kama milimita 0.4. Pampu iliyoanguka kutoka kwenye boda boda inaweza kuisogeza, na pampu iliyosombwa na mafuriko ya Novemba inaota kutu kwenye sumaku na kwenye miguu ya koili. Sugua kutu kwa msasa laini, futa. Legeza boliti mbili za koili, ingiza kadi ngumu kati yake na sumaku, iache sumaku ijivute yenyewe mpaka ibane kadi, kaza boliti, zungusha gurudumu kwa mkono na kadi itatoka. Hiyo ndiyo nafasi. Ikiwa bado hakuna cheche, hapo sasa koili imekufa, na pesa utakayoitoa dukani utaitoa kwa haki.

Kuna kisa kimoja kinachowasumbua hata mafundi. Plagi inatoa moto mzuri, petroli inafika, injini inarusha kamba nyuma kwa nguvu hadi inaumiza vidole, au inalipuka kwenye bomba la moshi bila kuwaka. Uliza kama juzi pampu ilimeza jiwe. Jiwe likikwama ndani, injini inasimama ghafla, gurudumu zito halitaki kusimama, na kile kipande kidogo cha chuma kinacholishikilia kwenye mhimili wake kinakatika au kujipinda. Gurudumu linahama kidogo, na cheche inakuja wakati ambao si wake. Kipande hicho ni cha bei ndogo, lakini kinahitaji fundi mwenye chombo cha kutoa gurudumu. Usiligonge kwa nyundo. Na ncha ya paipu iliyoko kisimani ivalishwe chujio, kwa sababu mchanga wa Thwake huingia popote panapoweza kuingilika.

Kuhusu petroli nitasema kwa ufupi, ingawa inasababisha matatizo mengi kuliko moto. Petroli inayouzwa kwa chupa kando ya barabara hujui ilikotoka, na uuzaji huo haujaruhusiwa na sheria. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, hasa ili kuwaondolea watu tamaa ya kuyachanganya na mafuta ya magari. Ukiwa na shaka, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe na usubiri. Petroli safi inaruka yote. Iliyochanganywa na mafuta ya taa inaacha doa la mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayoifanya injini iwe ngumu kuwaka ikiwa baridi. Maji ni rahisi zaidi kuyagundua. Chini ya kabureta kuna boliti moja. Weka kichupa cha kioo chini yake, ifungue, uache kiasi kidogo kitiririke. Petroli ni nyepesi kuliko maji, basi maji yatakaa chini ya kichupa, yakiwa yamejiviringa matone matone yanayocheza ukikitikisa. Ukiyaona hayo, mwaga yote ya tangi, futa, jaza upya. Petroli iliyokaa tangini tangu mavuno yaliyopita nayo imwage. Inaacha gundi kwenye kitundu kidogo cha kabureta, na kitundu hicho husafishwa kwa hewa au unywele mmoja wa waya wa shaba, kamwe si kwa msumari.

Chujio la hewa la sponji lioshe kwa maji na sabuni, likaushe, lidondoshee oili, ulikamue. Manyigu wa udongo wakijenga ndani ya bomba la moshi pampu ilipokuwa imelala, bomoa nyumba yao kwa kijiti kabla ya kuwasha.

Halafu kuna ile pampu inayowaka vizuri asubuhi, inafanya kazi nusu saa, inazimika, inakataa kabisa, na baada ya kupumzika inawaka tena kana kwamba hakuna lililotokea. Hii huwavunja watu moyo kwa kuwa ikifika kwa fundi inawaka mara ya kwanza. Ina sababu mbili kubwa, na zinatenganishwa wakati uleule inapozimika. Kimbia ufungue kifuniko cha tangi. Ukisikia inavuta pumzi, na injini ikawaka mara moja, basi kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba kwa vumbi. Petroli ilikuwa haishuki. Kama hakuna tofauti, toa plagi ikiwa moto, kwa uangalifu, upime cheche hapohapo. Ikikosekana ingali moto na ikarudi injini ikipoa, koili inaharibika kwa joto. Mwambie fundi hivyo kwa maneno hayohayo, na usikubali aipime ikiwa baridi.

Sasa naomba uweke spana chini unisikilize. Kuna pampu iliyozimika ambayo hupaswi kuitafutia hitilafu hata kidogo. Ni ile iliyoteremshwa ndani ya kisima.

Naelewa kwa nini watu huiteremsha. Pampu haivuti maji, hewa ya dunia ndiyo inayoyasukuma yapande kwenye paipu, na nguvu ya hewa ina kikomo. Ufukweni Mombasa kikomo hicho ni mita 10 na kidogo. Kitui mjini, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi zaidi na kikomo kinashuka hadi kama mita 9. Ondoa kinachopotea kwenye paipu na valvu, unabaki na mita 6 au 7. Kwenye mabwawa ya mchanga hilo si tatizo: ukuta unajengwa kukatiza mto wa msimu, mchanga unajaa nyuma yake, na katika kila mita ya ujazo ya mchanga huo robo au hata zaidi ni maji, yaliyofichika karibu na uso, jua lisiyafikie. Vikundi vya wanawake na wanaume wa Ukambani vimejenga mamia ya kuta hizo kwa mikono yao, pamoja na mashirika kama Utooni na SASOL, na pampu inakaa juu kwa raha. Lakini kwenye kisima cha ukingoni kilichochimbwa mita 12, mtu anafunga pampu kwa kamba na kuiteremsha kwenye kidaraja cha mbao ndani ya shimo.

Ndani ya shimo injini inapumua moshi wake mwenyewe. Baada ya muda oksijeni haitoshi, mwako unadhoofika, injini inazimika. Aliye juu anadhani ni plagi. Anateremka na spana. Moshi wa injini ya petroli una kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Anaishiwa nguvu kabla hajajua kuna kitu. Ndugu yake anamwona ameanguka, naye anateremka. Visima vya namna hii vimewachukua watu wa familia moja mmoja baada ya mwingine, hapa Kenya na nchi jirani, na kila aliyeteremka alikuwa anafanya jambo jema.

Mshumaa uliofungwa kwenye kamba hautakuokoa, kwa kuwa unazimika kwa uhaba wa oksijeni tu, na kaboni monoksidi inaua mshumaa ungali unawaka. Injini ikiwa imezimika kwa saa kadhaa, hewa mbaya bado inaweza kuwa imekaa mle chini. Pampu ikinyamaza shimoni, ivute juu kwa kamba ile ile iliyoiteremsha, na kama kamba imekatika, iache. Mtu akiwa ameanguka, asiteremke mwingine yeyote bila vifaa vya kupumulia. Piga kelele, piga simu, mvute kwa kamba ikiwa alikuwa amejifunga. Kwa siku zijazo chimba kisima kwenye mchanga wa mto, ambako maji yako karibu, au chonga ukingo uwe ngazi pana iliyo wazi juu ili pampu ishuke mita mbili tatu na bado ikae kwenye upepo. Yule mzee wa sola pia alikuwa na hoja: pampu ya umeme inayozama majini haina moshi. Hakuna zao la Ukambani, hata ekari nzima ya maembe ya Makueni, linalostahili mtu kuteremka kule.

Tukirudi juu, kwenye jua: umepata moto, petroli ni safi, plagi imerudi mahali pake kwa kukazwa kwa vidole kwanza kisha robo au nusu ya mzunguko kwa spana. Jaza maji kwenye mwili wa pampu kabla ya kuwasha, kwa sababu ikizunguka kavu sili yake inaungua. Injini baridi ifungie choki, injini ya moto usiifungie. Vuta kamba polepole mpaka uhisi inagoma, irudishe, kisha ivute mara moja kwa nguvu na kuishikilia wakati wa kurudi. Ikiwa kamba inakwenda laini bila upinzani wowote, mgandamizo umepotea, mara nyingi kwa valvu zilizokosa nafasi yake, na hapo ndipo safari ya mjini inapokuwa na maana. Fundi akishaitengeneza, mwombe akuonyeshe alichokiondoa, na mlipe vizuri. Mafundi wa jua kali wa Wote na Kitui wanajua mengi, na wanapenda mteja anayekuja akisema "waya mweusi nimeshauchomoa, cheche hakuna" kuliko anayekuja akisema "imekataa tu".

Jioni izime kwa kufunga bomba la petroli, uiache ingurume mpaka ikauke kabureta, ndipo uzime swichi. Iinue kutoka mtoni hata kama mbingu ni nyeupe, kwa kuwa mvua ya Machakos inaweza kuteremka na Thwake usiku bila tone moja kuanguka kwako. Kisha chukua rangi na brashi ndogo uandike ubavuni mwa tangi: plagi 0.7, oili lita 0.6, na tarehe uliyobadilisha oili. Ikiwa pampu ni mpya, oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20 za kazi, na zinazofuata kila baada ya saa 100.